Orodha yangu ya EP nzito mwaka huu, na kwa nini imeanzia Mwanda kwa nyanya

Desemba imefika, na Desemba kila msikilizaji hutoa orodha yake. Za albamu ziko nyingi, mtazisoma kwingine. Mimi ni mtu wa EP. Nyimbo tatu, nne, tano hivi, dakika kumi na tano au ishirini, halafu kimya. Kwanza bando langu haliruhusu zaidi. Pili, muziki ninaousikiliza ukizidi hapo unachosha hata mimi ninayeupenda: metali, panki, kelele za kompyuta, gitaa linalonguruma kama lori linalopanda kona za Wundanyi kwa gia ya kwanza.

Lakini nilipokaa kuandika ya mwaka huu nikakwama. Nilipitia kila kitu nilichosikiliza tangu Januari na karibu chote kilichonishika ni cha zamani. 1994. 1980. 1976. Kipya kabisa kilikuwa cha miaka michache nyuma. Halafu nikakumbuka siku moja ya Aprili kule Mwanda, nikaona siwezi toa orodha yoyote bila kueleza siku hiyo. Kwa hivyo leo mtavumilia historia. Orodha ipo, imetawanyika humo ndani, mtaiokota mkienda.

Aprili nilipanda kwa nyanya kusaidia palizi. Mama naye alikuwa amekuja kutoka Voi, wikendi ya kwanza tuko pamoja watatu tangu niache chuo. Mnajua hiyo stori: mwaka wa pili, karo ikakwama, na kusema ukweli roho yangu ilikuwa imetoka darasani kabla ya pesa kuisha. Mama hajawahi kunigombeza moja kwa moja. Anachofanya ni kuugombeza muziki. Kwake, kilichonitoa chuo ni zile kelele masikioni mwangu.

Jioni mvua ikaja, stima zikapotea. Nilikuwa na kaspika kangu kadogo, nikaweka Duma, sauti ya chini. Mama akasema kutoka jikoni, "Zima hizo pepo." Nikanyoosha mkono kuzima. Nyanya, aliyekuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, akasema, "Iache. Hii ni kama ile ya mama yangu."

Nikafikiri umri umemshika. Duma ni wanaume wawili wa Nairobi, mmoja anapiga mayowe hadi unaogopa koo lake litapasuka, mwingine amejaza kompyuta ngoma ambazo hakuna binadamu anaweza kuzipiga kwa kasi hiyo. Mama yake nyanya alizikwa kabla Mama hajazaliwa. Lakini nyanya hakuwa amechanganyikiwa. Alituambia kitu ambacho Mama, bintiye, alikuwa hajawahi kusikia: mama yake alikuwa na saka.

Kama wewe ni Mtaita na hujawahi kusikia neno hilo, hauko peke yako, hata mimi nililazimika kwenda kulitafuta. Saka ni pepo, au ugonjwa, au vyote viwili, uliowashika wanawake wa Taita, hasa walioolewa. Mwanzoni mwa miaka ya 50 mwanaanthropolojia Grace Harris alikaa Taita akayaona, na mwaka 1957 akachapisha makala yake kwenye jarida la American Anthropologist. Alichokiandika kinasimamisha nywele. Mwanamke yuko sawa, anafanya kazi zake, halafu anasikia mlio wa motokaa, au kiberiti kinawashwa, au harufu ya sigara inampita, na anaanza kutetemeka. Mwili unapiga peke yake. Anaweza kudai vitu: sukari, nguo, vitu vya dukani. Na dawa mojawapo ilikuwa ngoma. Watu wanakusanyika, ngoma zinapigwa, wenye saka wanacheza wakiwa wamevaa vitu vya wanaume, kofia nyekundu, mikanda ya risasi, fimbo mkononi.

Nyanya alikuwa mtoto lakini anakumbuka ile fimbo. Anakumbuka mama yake akipita katikati ya wanaume na kofia ya mumewe kichwani na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu usiku huo. Anakumbuka wapigaji walirudia mdundo mmoja, uleule, uleule, mpaka kichwa cha mama yake kikaanguka mbele. Kesho yake baba yake alishuka mlima kutafuta sukari.

Harris aliangalia jambo hilo akaona siasa. Ardhi ilikuwa ya wanaume, mifugo ya wanaume, na pesa mpya za mishahara, za Mombasa na za mashamba ya mkonge kule chini, zilikuwa mifukoni mwa wanaume. Mwanamke alibaki mlimani na jembe. Motokaa, kiberiti, sigara: hivyo vyote ni vitu vya dunia ambayo yeye hakuruhusiwa kuigusa. Basi ile dunia ikamwingia mwilini kupitia masikio na pua, na kijiji kikalazimika kumjibu kwa sauti kubwa zaidi.

Wazee wa Mwanda wasinichape, sisemi saka ni metali, na sisemi Mwazindika, ile ngoma yetu ya Wadawida ya kutuliza pepo, ni sawa na tamasha la roki. Ngoma ile ni tiba, ina wenyewe na ina taratibu zake. Nasema tu kwamba nimesoma vitabu na makala mengi ya wazungu wakieleza muziki mzito unatoka wapi, na hakuna maelezo yaliyonikaa kama ya nyanya na ungo wake.

Wazungu wenyewe hadithi yao ya asili ni ya Birmingham, na ni nzuri pia. Tony Iommi alikuwa kijana wa miaka 17 kwenye kiwanda cha chuma, siku yake ya mwisho kazini, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, maana yake vile vidole ndivyo vya kubonyeza nyuzi. Akajitengenezea vifuniko vya vidole, baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize, na gitaa likashuka chini likawa zito. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ikatoka Februari 1970. Mwaka 2025, Julai, Ozzy akafa, wiki chache tu baada ya kuimba nyumbani Villa Park akiwa amekaa kwenye kiti cha enzi, na nilimlilia kama mjomba.

Kwa hivyo Birmingham mashine ilimla mtu vidole, Taita mashine ilimtetemesha mtu akiwa mbali nayo. Voi mji wenyewe ni mtoto wa mashine. Reli ilipita hapa mwisho wa miaka ya 1890, na 1915 Waingereza wakaanza kujenga ile ya kwenda Taveta kwa sababu Wajerumani walikuwa wameshaichukua Taveta tangu 1914. Usiku nikiwa Sofia bado nasikia treni ya mizigo ikipita. Hapo uko na EP ya bure, dakika nne.

Sasa turudi kwa Mama, kwa sababu baada ya nyanya kumaliza, Mama alikaa kimya sana, na Mama si mtu wa kukaa kimya.

Mama alikuwa sekondari 1994. Nyinyi wa umri wangu pengine hamjui kilichotokea mwaka huo, kwa hivyo nieleze. Oktoba 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya. Mwenyekiti alikuwa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Soma hiyo tena polepole: serikali nzima, tume rasmi, ya kumtafuta shetani. Nchi ilikuwa inauliza pesa za Goldenberg zimeenda wapi, na jibu la kitaifa likawa kwenda kutafuta watu wanaoabudu kuzimu. Ripoti ikaandikwa, ikakaa kabatini, ikaja kufika bungeni 1999. Ilisema ibada hizo zipo kweli, na kwamba zimeingia mpaka mashuleni.

Kufikia hapo kila shule ilikuwa imeshajifanyia tume yake. Pete ya ajabu, shetani. Fulana yenye fuvu, shetani. Muziki wenye gitaa la kukwaruza, shetani kabisa. Shule ya Mama siitaji jina. Anasema mwalimu aliingia bwenini na karatasi ya vitu vinavyokatazwa, masanduku yakapekuliwa, na kwenye sanduku moja ikapatikana kaseti ya Metallica, ile ya "...And Justice for All" ya 1988. Mkusanyiko ukaitwa uwanjani. Kaseti ikachomwa, wasichana wakaimba pambio.

Hiyo stori nilikuwa nimeisikia mara kumi. Mama huitumia kama mfano wa jinsi shetani alivyokuwa karibu. Lakini siku zote ilikuwa kaseti ya "msichana mmoja". Ile jioni Mwanda, gizani, mvua ikipiga mabati, alisema, "Ile kaseti ilikuwa yangu." Binamu yake alikuwa amemletea kutoka Mombasa. Aliyepatikana nayo alikuwa rafiki yake aliyeazima, na rafiki alifukuzwa wiki mbili, na Mama alisimama uwanjani akaimba pamoja na wengine. Hakusema. Miaka thelathini.

Nyanya aliendelea kuchambua maharagwe. Mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaizima Duma mwenyewe.

Nimefikiria sana jioni hiyo na ndiyo maana orodha yangu imeharibika. Nimeanza kusikiliza vitu vifupi kwa namna nyingine. Unajua kaseti moja inatosha kufukuzwa shule? Wimbo mmoja unatosha. Ukubwa wa kitu haupimwi kwa dakika. Kwa hivyo sasa nieleze kwa nini sisi huku tulikuwa watu wa EP kabla neno lenyewe halijafika.

Santuri. Zile ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja huku, mwingine huku. Biashara ya muziki Kenya, kuanzia miaka ya 60 mpaka kaseti zilipoizima, ilisimama juu ya hizo. Albamu zilikuwepo lakini nani alikuwa na pesa za albamu? Na mmoja wa majina makubwa ya mwanzo kabisa alikuwa wetu: Fadhili William Mdawida, mzaliwa wa Taita Taveta, 1938. Huyo ndiye aliyerekodi "Malaika" na Jambo Boys, halafu akawa nguzo ya bendi ya studio ya Equator ya Charles Worrod kule Nairobi, pamoja na akina Daudi Kabaka na Nashil Pichen. Kuna ugomvi mpaka leo kuhusu nani hasa alitunga "Malaika", siingii humo. Ninachotaka uone ni kwamba wimbo uliozunguka dunia nzima, ukaimbwa na Miriam Makeba, ulitoka kwa kitu cha dakika tatu.

Benga ndiyo ilifanya kitu kijanja zaidi. Wimbo ulikuwa mrefu kuliko upande mmoja wa santuri, basi wakaukata: Sehemu ya Kwanza, Sehemu ya Pili. Upande wa kwanza mtu anaimba, anatoa stori, anataja majina ya marafiki. Unageuza. Upande wa pili magitaa yanashika kasi, mwimbaji anakaa pembeni na wanapiga tu mpaka sindano inafika katikati. Ule upande wa pili ndio uzito. Mtu akiniambia Waafrika hatuna utamaduni wa gitaa kali namwambia ageuze santuri.

Na mbali na hapa, Detroit, 1976, kulikuwa na ndugu watatu weusi, akina Hackney, na bendi yao ikaitwa Death. Mkubwa mmoja wa kampuni ya muziki, Clive Davis, aliupenda muziki, hakulipenda jina. Badilisheni jina, mkataba huu hapa. David Hackney akakataa. Wakatoa singo yao wenyewe, "Politicians in My Eyes", nakala 500, ikapotea. Ikaja kujulikana 2009, baada ya David kuwa ameshafariki, wakati nyimbo zao saba zilitolewa na watu wakagundua hawa vijana walikuwa wanapiga panki kabla ya panki kupewa jina. Hiyo singo iko kwenye orodha yangu, weka namba yoyote unayotaka. Ya Bad Brains ya 1980 pia, singo yao ya kwanza, haifiki hata dakika mbili. Nyinyi wa reggae mnaojaza magari ya Voi kwenda Mwatate, hawa ni marasta wenzenu wa Washington. Wasikilizeni mkiwa mmeshika kitu.

Kuna na utani wa Napalm Death, "You Suffer", sekunde moja na kidogo, Guinness wameiandika kuwa wimbo mfupi kuliko zote. Nilimchezea Mama. Akauliza nimepiga chafya.

Nairobi sasa. Kabla ya intaneti kuwa ya kila mtu kulikuwa na X FM, 105.5, iliyopiga roki mchana kutwa, na kulikuwa na bendi zinazopiga kwenye baa mbele ya watu wachache wanaojuana majina wote. Last Year's Tragedy walitoa EP inayoitwa "Challenge Accepted" na ukiisikiliza leo unasikia vijana wanaojua hasa wanataka kufanya nini lakini hawana mahali pa kukifanyia. Naipenda kwa hiyo njaa. Kulikuwa na Lust of a Dying Breed, kulikuwa na Seeds of Datura. Kutoka ya kwanza akatoka Martin Khanja, kutoka ya pili Sam Karugu, wakaungana wawili, bila mpiga ngoma, wakajiita Duma.

Sisi wa Voi tukisikia duma tunafikiria yule mnyama wa Tsavo anayekimbia. Hapana. Ni Kikuyu, maana yake giza. Ingawa kwa kasi ya hizo ngoma hata mnyama angefaa.

Walirekodi Kampala 2019, kwenye studio ya Nyege Nyege, na albamu ikatoka Agosti 2020, watu wamefungiwa nyumbani na korona. Jina la hao jamaa wa Kampala sijawahi kumweleza Mama. Kwa Kiganda wao wanasema linatoka kwenye neno la hamu ya ghafla ya kucheza, kwa Kiswahili mnajua wenyewe. Na cheki historia inavyojirudia: 2018 waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, padri wa zamani, alilipiga marufuku tamasha lao kabla ya kulegeza. Kila serikali huku ina tume yake ya shetani ikisubiri sababu.

Baada ya albamu, Duma wakatoa singo ya nyimbo mbili, "Cannis" na "Mbukinya", kupitia Sub Pop ya Seattle, kwenye ule mpango wao wa kutumia wanachama singo. Huo mpango ulianza Novemba 1988 na bendi changa iliyoitwa Nirvana, nakala elfu moja tu. Yaani mlango uleule aliopitia Kurt Cobain wamepitia wasee wa Nairobi, miaka thelathini na kitu baadaye, na nyumbani hakuna aliyetetemeka hata kidogo. Kama mwanariadha wetu angepita huo mlango tungesimamisha magari. Hii ndiyo namba moja yangu ya mwaka, haijalishi ilitoka lini. Nyimbo mbili. Ukiisikiliza usiku karibu na reli huwezi jua treni imeanza wapi.

Khanja sasa anatumia jina Lord Spikeheart. Aprili 2024 alitoa "The Adept", ambayo ni albamu na haifai kuwa hapa, lakini lazima niitaje kwa sababu ya aliyemtolea. Ameitoa kwa Muthoni wa Kirima, anayejitambulisha kuwa kitukuu wake. Mwanamke pekee aliyepata cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Alikaa msituni mpaka uhuru, na nywele alizoingia nazo msituni hakuzikata kwa karibu miaka sabini, mpaka Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipozikata mbele ya watu. Septemba 2023 akafariki. Kirima huyu, na Kirima wa tume, wote wa upande wa Nyeri. Najua ni jina tu. Lakini mmoja aliingia msituni kwa ajili ya nchi hii na mwingine akapewa kazi ya kutafuta shetani, na kitukuu wa yule wa kwanza ndiye anayepiga mayowe ambayo tume ingemkamatia.

Hapo ndipo nyanya na nyanya wakakutana kichwani mwangu. Mama yake nyanya yangu na fimbo ya mwanaume, Muthoni na cheo cha mwanaume. Na wajukuu na vitukuu wao wamebaki na kelele.

Nikipita haraka: Crystal Axis wa Nairobi, wale wa panki, wana singo "Leopold" na "Nyayo House". Ya pili ni ya zile seli za chini za jumba la Nyayo ambako watu waliteswa miaka ya 80, zikafunguliwa wananchi waone 2003. Niliirudia sana Juni 2024, wakati vijana walikuwa barabarani kwa ajili ya Mswada wa Fedha na baada yake wengine wakaanza kupotea. Wimbo wa historia ukageuka wa habari. Sina zaidi ya kusema juu yake, inauma.

Mbili za nje, halafu niwaache. "Jar of Flies" ya Alice in Chains, Januari 1994, iliandikwa na kurekodiwa kwa wiki moja tu, na ndiyo EP ya kwanza kuingia namba moja Marekani. Hakuna kelele ndani yake, gitaa nyingi ni za mbao, na bado ni nzito kuliko chochote hapa. Hii ndiyo nilikuwa nasikiliza wiki niliyofunga begi hosteli. Sikumwaga chozi kwa karo, nilimwaga kwa huo wimbo wa pili. Na "Broken" ya Nine Inch Nails, 1992. Trent Reznor alikuwa amekwama na kampuni yake ya rekodi, akairekodi kwa siri, kwa majina ya uongo, na hasira imejaa kila sekunde. Mwaka jana niliiona bora kuliko "Jar of Flies". Mwaka huu hapana. Hasira ya mtu mwenye mkataba sasa naisikia tofauti, samahani Trent.

Wiki iliyopita, tukiwa Voi, Mama aliingia chumbani kwangu na mchicha wake kwenye sinia, akakaa kitandani akaanza kuchambua. Hafanyagi hivyo. Akauliza kama ile ya Metallica bado inapatikana. Nikamwambia ile yote ni saa nzima na zaidi, bando halitoshi, lakini kuna EP yao ya mwaka mmoja kabla yake, "Garage Days Re-Revisited", 1987, nyimbo tano za watu wengine walizozirudia kujipasha moto. Walikuwa wamempoteza Cliff Burton, mpiga besi wao, kwenye ajali ya basi Sweden mwaka uliotangulia, na huyu Jason Newsted alikuwa ndio kwanza ameingia. Mnaojua mnajua: kwenye "...And Justice for All" walipunguza besi ya Newsted mpaka husikii kama yupo.

Nikampa sikio moja, nikabaki na lingine. Nyimbo mbili zikaisha bila neno, mchicha unaanguka sinia. Halafu akasema, "Kumbe hawa watu walikuwa na besi."

Akauliza zimebaki ngapi. Nikamwambia tatu. Akasema rafiki yake yule anakaa Taveta siku hizi, ana duka, na kama ninaweza kumtumia hizi nyimbo kwa simu. Nikauliza namba. Akasema weka ya tatu kwanza.